Ziara ya chuo cha sanaa kisicho na geti: jinsi ya kupanga siku moja SAIC, Chicago

Ukienda kutembelea School of the Art Institute of Chicago ukitafuta geti, uzio na kibao kikubwa cha chuo, utapita mbele ya madarasa matatu bila kujua. Chuo hiki, ambacho watu hukiita SAIC, kilianza mwaka 1866 na kimetawanyika katikati ya jiji, eneo liitwalo Loop, ndani ya majengo yanayobanana na maduka, benki na ofisi. Mlango mmoja uko chini ya reli ya treni inayopita juu ya barabara. Mwingine ni wa jengo ambalo upande wake wa pili kuna duka la Target. Wa tatu uko nyuma ya jumba la makumbusho, ng'ambo ya reli. Kwa hiyo ziara hupangwa kwa anwani na saa. Anayekuja kwa mtindo wa "tukifika tutauliza" huishia kwenye meza ya mlinzi.

Mwongozo huu unamhusu zaidi mzazi au mlezi anayeishi Iowa, Michigan, Indiana, Kentucky au Illinois yenyewe, mwenye kijana wa sekondari anayechora, anayeshona, anayefinyanga au anayepiga picha. Aliye Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu asianze kwa kutafuta nauli ya ndege. Aombe kwanza kikao cha mtandaoni na ofisi ya udahili, aonyeshe kazi zake kwa video, apate jibu kuhusu ufadhili, kisha ndipo aamue kama safari ina maana.

Siku ya kwenda

Muhula wa kwanza huanza mwishoni mwa Agosti na kwisha katikati ya Desemba. Wa pili huanza mwishoni mwa Januari hadi Mei. Wiki nzuri ni za Oktoba, mwanzo wa Novemba, mwisho wa Februari na Aprili, wakati wanafunzi wamekwisha kuchafua meza na kuta zimejaa kazi ambazo hazijakamilika. Kazi isiyokamilika ndiyo inayokufundisha jinsi chuo kinavyofundisha. Ile iliyotundikwa kwenye fremu ukumbini imechaguliwa ili ikupendeze.

Kabla hujachagua tarehe, fungua kalenda ya chuo ukwepe mambo matatu: likizo ya Machi, wiki ya Thanksgiving, na wiki ya tathmini. Hiyo ya tatu huwanasa wengi. Kila muhula kuna wiki moja ambapo madarasa ya kawaida husimama na walimu huketi na kila mwanafunzi kuijadili kazi yake. Ni wiki muhimu kwa wanafunzi, lakini mgeni hatapata darasa la kuchungulia.

Siku za wiki ni bora kuliko Jumamosi. Jumamosi utatembezwa kwenye vyumba safi, mashine zimezimwa, fundi wa karakana yuko kwake. Na kama una uhuru wa kuchagua, chukua Alhamisi. Makumbusho ya Art Institute, ambayo ni ndugu wa chuo hiki na wanafunzi huingia bure, kwa miaka ya karibuni hufungwa Jumanne na Jumatano, na Alhamisi hubaki wazi hadi saa mbili usiku. Thibitisha saa hizo kwenye tovuti yao wiki ile ile ya safari.

Kijana asikose shule kimya kimya. Shule nyingi za sekondari huruhusu siku chache za kutembelea vyuo bila kuhesabiwa utoro, mradi taarifa itolewe mapema na uthibitisho urudishwe. Siku ya ziara, ombeni ofisi ya udahili iwape barua au baruapepe inayosema mlifika.

Miadi ni mitatu

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mtu hujaza fomu ya ziara kwenye tovuti, hupata jibu, hudhani kila kitu kimo humo. Ziara ya majengo ni miadi moja. Kuonyesha kazi kwa mshauri wa udahili ni ya pili. Kuzungumza na mtu wa ofisi ya misaada ya fedha ni ya tatu. Usipoomba zote tatu kwa majina yake, utatembezwa, utapewa kijitabu na kalamu, utarudi nyumbani.

Andika wiki tatu kabla. Taja jina la kijana, darasa lake, fani mbili anazotaka kuziona (kwa mfano ufinyanzi na fasheni), na idadi ya watu mtakaofuatana. Wawili au watatu wanatosha. Watoto wadogo huchoka kwenye lifti ya pili, na karakana nyingine haziwapokei. Kama kuna anayetumia kiti cha magurudumu au asiyeweza ngazi, sema mapema ili njia ipangwe upya.

Kuhusu saa, angalieni mara mbili. Miadi ya 10:00 AM ni saa nne asubuhi, wala si saa kumi. Familia hukosea hapa pale mtoto anaposoma ujumbe kwa Kiingereza na mzazi anauandika kwa Kiswahili kwenye kalenda ya ukutani. Halafu kuna majira: Grand Rapids, Indianapolis na Louisville ziko saa moja mbele ya Chicago. Ukitoka huko, saa nne ya Chicago ni saa tano kwako, jambo linalokupa nafuu asubuhi na kukuibia saa moja usiku wakati wa kurudi. Des Moines na Moline ziko sawa na Chicago.

Kusoma namba za jiji

Chicago ni mji rahisi kwa anayejua sifuri iko wapi. Iko kwenye makutano ya mitaa ya State na Madison. Kutoka hapo namba huongezeka kila upande, na karibu kila mahali 800 ni maili moja. Namba shufwa ziko upande wa kaskazini na magharibi wa barabara, witiri upande wa kusini na mashariki. Ukiwa Madison, mtaa wa Monroe ni 100 kusini, Adams ni 200, Jackson ni 300. Kaskazini, Washington ni 100 na Randolph ni 150. Ukitoka State kuelekea ziwani unavuka Wabash, kisha Michigan, kisha reli, kisha Columbus.

Sasa anwani zinasomeka zenyewe. Ofisi ya udahili iko 36 South Wabash, ghorofa ya 12, yaani kati ya Madison na Monroe, upande wa magharibi. Ni jengo lile lile lililobuniwa na Louis Sullivan kwa ajili ya duka kubwa la zamani. Target iko upande wa State. Humo pia kuna fasheni na usanifu majengo. Vuka barabara tu, 37 South Wabash ni jengo la Sharp: maktaba ya Flaxman, mkusanyo wa vitabu vilivyotengenezwa na wasanii uitwao Joan Flasch, na chini kabisa ukumbi wa wanafunzi wa Neiman. Jengo la MacLean, 112 South Michigan, linatazamana na makumbusho. Filamu, video, katuni za kutembea na sauti ziko huko. Na 280 South Columbus, limeshikana na makumbusho kwa nyuma: uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, uchapaji wa sanaa na upigaji picha.

Maonyesho ya wanafunzi huwa 33 East Washington. Mabweni yako 7 West Madison, hatua chache kutoka kwenye ile sifuri, na 162 North State, jirani na sinema ya chuo, Gene Siskel Film Center.

Kutoka Wabash hadi Columbus kwa miguu ni kama dakika kumi. Januari, upepo ukitoka ziwani na barafu iko chini, hesabu kumi na tano, na daraja linalovuka reli ndipo baridi hukaa. Kofia na glavu, hata kama jua linawaka.

Kufika

Anayetoka uwanja wa O'Hare apande treni ya mstari wa buluu hadi kituo cha Monroe, kama dakika 45. Kutoka Midway, mstari wa machungwa hadi Adams/Wabash ni chini ya nusu saa, na kituo hicho kiko mtaa mmoja tu kutoka ofisi ya udahili. Nauli ya kawaida ya treni za jiji ni dola mbili na ushee, ila safari inayoanzia O'Hare ni dola 5. Hulipiwa kwa kadi ya Ventra, ambayo moja inaweza kugongwa kwa ajili ya familia nzima.

Kwa treni ya masafa, Amtrak hushusha Union Station. Toka upande wa mtaa wa Adams, vuka mto, endelea moja kwa moja kuelekea ziwani. Ni kama robo tatu ya maili na hakuna kona. Kutoka Grand Rapids kuna treni ya Pere Marquette inayoondoka alfajiri na kurudi jioni, hivyo siku moja inawezekana bila kulipia hoteli. Kutoka South Bend na miji ya kaskazini mwa Indiana, South Shore Line huishia Millennium Station, kona ya Randolph na Michigan, mitaa michache kutoka chuoni.

Kwa gari: Des Moines ni kama maili 330, Louisville karibu 300, Indianapolis na Grand Rapids chini ya 200, Moline kama 165. Usijaribu kuegesha barabarani kwenye Loop. Mita ni ghali, zina ukomo wa saa, na ziara haitangoji ukaongeze sarafu. Kodi nafasi mapema kwa programu ya simu katika gereji zilizo chini ya Millennium Park au Grant Park. Ukichelewa kukodi, bei ya mlangoni inaweza kuwa mara mbili. Mwenye gari refu, au lenye kibebeo cha mizigo juu ya paa, aangalie kimo kinachoruhusiwa, kwa kuwa gereji hizo zina dari fupi.

Jambo moja kuhusu ramani ya simu. Barabara kadhaa karibu na mto, Wacker na Columbus zikiwamo, zina ngazi mbili au zaidi, moja juu ya nyingine. Ukiteremka chini, simu hupoteza mahali ulipo na kukuambia ukunje kushoto ndani ya ukuta. Fuata vibao vya gereji, si sauti ya simu.

Kazi za kuonyesha

SAIC huomba kazi 10 hadi 15 kwa anayeomba shahada ya kwanza, zile bora na za karibuni. Kwa ziara, ziwe kwenye tableti au simu kubwa, zimepangwa kwa mfuatano, na zimehifadhiwa ndani ya kifaa chenyewe. Wanaotegemea intaneti huaibika: kuta ni nene, na mtandao wa chuo huenda ukadai nywila ya mwanafunzi. Mkononi, beba daftari la michoro. Mshauri akiwa na dakika ishirini, mara nyingi daftari hulifungua kabla ya picha zako nzuri, maana ndani yake anaona unavyofikiri, unavyokosea na unavyorudia.

Kupiga picha kazi kuna adabu yake. Toa mchoro nje, kivulini, mchana wenye mawingu au upande usio na jua. Uegemeze wima, simu iwe sambamba nao, katikati yake. Rudi nyuma hatua moja, vuta picha karibu kidogo, ili pembe zisipinde. Zima mwanga wa simu, kwani huacha doa jeupe juu ya rangi ya mafuta. Toa kioo cha fremu. Kisha kata pembeni hadi ibaki kazi tupu, bila zulia wala mguu wa kiti. Kwa kitu cha kuchongwa au kufinyangwa, picha mbili: moja nzima, moja ya karibu.

Kinachokataliwa kimyakimya ni nakala. Mchoro wa penseli wa mwanamuziki maarufu, uliochukuliwa kwenye picha ya mtandaoni, hata kama nywele zimetoka unywele kwa unywele, unaonyesha subira tu. Katuni za Kijapani zilizonakiliwa vivyo hivyo. Weka walau tatu zilizochorwa kwa kutazama kitu halisi: jikoni kwenu, viatu mlangoni, bibi akiwa amelala kwenye kochi. Na msiache nje vitu ambavyo nyumbani havihesabiwi kuwa sanaa. Gauni la kitenge alilolikata mwenyewe, mkeka, hina, kibao cha duka la mjomba alichokiandika kwa mkono. Vyote vinaingia, mradi aseme nini alibuni yeye na nini alikirithi.

Mzazi, wakati wa kuonyesha kazi kaa nyuma. Ukijibu wewe, mshauri hana la kuandika.

Kwenye karakana

Siku yenyewe, fika saa tatu na nusu kwa miadi ya saa nne. Kila jengo lina meza ya mlinzi. Toa kitambulisho chenye picha, taja miadi, subiri mwenyeji wako. Mgeni hazururi peke yake, kwa hiyo ukitaka kuona chumba ambacho hakimo kwenye njia ya ziara, omba wakati mko bado kwenye jengo hilo. Kurudi baadaye ni kuanza upya mlangoni.

Vaa viatu vilivyofungwa mbele. Karakana za mbao na chuma huweza kukuzuia kwa sababu ya ndala. Baibui, kanzu, mtandio mrefu au kamba za koti: shikilia karibu na mwili, simama mbali na msumeno na chochote kinachozunguka. Usipige picha kazi ya mwanafunzi kabla ya kumwomba.

Mtembezaji, ambaye kwa kawaida ni mwanafunzi anayelipwa, atakueleza historia na idadi ya majengo. Msikilize, lakini macho yako yawe kwingine. Kwenye ufinyanzi, tafuta karatasi ya kujiandikisha kwenye matanuri: imejaa kwa siku ngapi mbele? Foleni ya wiki mbili maana yake chungu cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakitaiva kabla ya tarehe ya kukabidhi. Kwenye uchapaji, tazama mashine ngapi zina kazi juu yake na ngapi zimefunikwa kitambaa. Kwenye chumba cha kupuliza rangi, sikiliza feni. Ukinusa vimumunyisho hadi nje ya mlango, uliza hewa inatolewaje.

Kisha uliza fundi wa karakana, si mtembezaji. Saa za kufungua jioni na wikiendi ni zipi? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa mashine zipi, na baada ya mafunzo gani? Nani yuko hapa saa tatu usiku kitu kikiharibika? Vyombo vya kuazima, kamera kwa mfano, huazimwa kwa siku ngapi, na kikivunjika analipa nani? Fundi hana haja ya kuuza chuo, ndiyo maana majibu yake huwa mafupi na ya kweli.

Fahamuni pia kwamba SAIC haitoi alama za A, B, C. Mwanafunzi hufaulu somo au hakufaulu. Tena halazimiki kuchagua fani moja. Anaweza kufinyanga asubuhi ya leo na kuhariri filamu kesho. Kwa kijana anayejituma ni uhuru mkubwa. Kwa anayehitaji kusukumwa, ni hatari, na mzazi humjua mwanawe. Uliza namna maendeleo yanavyoandikwa, na vyuo vingine hupokeaje rekodi hiyo iwapo atahama.

Liko jambo ambalo familia nyingi hukutana nalo ghafla. Madarasa ya kuchora mwili hutumia mtu halisi aliye uchi, na kwenye kuta mnaweza kukuta kazi zinazogusa dini, siasa na mwili bila haya. Huo ni utamaduni wa vyuo vya sanaa karibu vyote vya Marekani. Zungumzeni nyumbani kabla, si kwenye lifti mbele ya mtembezaji. Mwenye kizuizi cha dini aulize kwa heshima: somo hilo ni la lazima kwa njia anayotaka kuifuata, na kuna mbadala gani?

Mchana, chakula cha Loop ni ghali. Bebeni cha nyumbani. Chicago Cultural Center, 78 East Washington, huingiwa bure, ina joto, vyoo na maonyesho ya sanaa. Kwa Waislamu, Downtown Islamic Center iko 231 South State, kati ya Adams na Jackson. Ijumaa hujaa, basi msipange miadi ya fedha saa saba.

Fedha

Ada ya mwaka mmoja, bila malazi wala chakula, imepita dola 50,000. Usiogope kabla ya kuuliza, wala usifurahi kabla ya kuhesabu. Kila chuo kinachopokea wanafunzi wenye misaada ya serikali kuu kinatakiwa kuwa na kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake. Kijaze nyumbani, chapisha matokeo, njoo nayo. Mazungumzo yakianzia kwenye karatasi hiyo, mshauri hutumia nusu saa yenu kwa hali yenu badala ya kusoma kijitabu.

Raia na wenye ukaazi wa kudumu hujaza FAFSA, fomu ya kuomba misaada ya masomo ya serikali kuu. Wenye hadhi nyingine za uhamiaji waulize moja kwa moja wanachostahili, wakiwa na nyaraka zao mkononi, kwa kuwa kanuni hutofautiana kati ya serikali kuu, jimbo na chuo. Wakazi wa Illinois wana pia ruzuku ya jimbo iitwayo MAP.

Unapoonyeshwa mfano wa barua ya msaada, igawe sehemu tatu: kisichorudishwa, kinachorudishwa, na kinachofanyiwa kazi. Barua nyingi huvijumlisha vyote kwa jina moja la msaada. Tuseme gharama nzima ya mwaka ni 75,000. Ufadhili wa chuo 25,000, ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell 7,000, mkopo wa mwanafunzi 5,500, kazi ya chuoni 3,000, mkopo wa mzazi 34,500. Jumla inafika 75,000 na karatasi inaonekana imekamilika. Kumbe cha bure ni 32,000 tu. Mzazi ameandikiwa deni la 34,500 kwa mwaka mmoja, na miaka ni minne. Hesabu hii ni ya mfano, lakini umbo lake utalikuta kwenye barua halisi.

Maswali ya kutosahau: ufadhili huu hudumu miaka yote minne? Ada ikipanda, nao hupanda? Kwa kuwa hakuna alama, ni nini kinaweza kuufuta? Vifaa vya mwaka wa kwanza ni orodha gani? Mkiipata orodha, duka la Blick liko 42 South State. Ingieni, tazameni bei za turubai, rangi na karatasi kabla hamjaondoka mjini.

Kwenye kikao hiki kijana asiwe mkalimani. Anatamani kuja, na bila kukusudia atalainisha tarakimu. Uliza mapema kama chuo kinaweza kupata mkalimani wa Kiswahili. Ikishindikana, njoo na mtu mzima unayemwamini. Na jueni kwamba kijana akishasajiliwa, sheria humpa yeye haki ya kumbukumbu zake za masomo. Kwa kawaida mzazi hawezi kupiga simu akauliza maendeleo mpaka mwanafunzi asaini kibali.

Alasiri

Ikiwa mna nguvu, pitieni Columbia College Chicago, 600 South Michigan, chini ya robo tatu ya maili kusini. Kina mwelekeo tofauti, filamu na muziki zaidi, na kuona vyuo viwili siku moja huondoa ule ulevi wa kwanza. La sivyo, ingieni makumbusho. Walio chini ya miaka 14 huingia bure, vijana wa Chicago walio chini ya 18 pia, na wenye kadi ya LINK au WIC ya Illinois (kadi za msaada wa chakula) hawalipi. Msijaribu kuona vyote. Nendeni kwenye matunzio ya sanaa ya Afrika, kisha muulize kama kazi za mchoraji Archibald Motley, aliyehitimu chuo hiki 1918, zimetundikwa siku hiyo. Kijana akae mbele ya kazi moja nusu saa na daftari lake. Wanafunzi wa hapa hufanya hivyo kila wiki, na hakuna kipengele cha ziara kinachofanana zaidi na masomo yenyewe.

Kabla ya kulala, kila mmoja aandike peke yake mambo matatu aliyoyapenda na mawili yaliyomtia shaka, kisha mlinganishe. Asubuhi kijana amwandikie mshauri aliyetazama kazi zake, mistari minne tu, akitaja kitu kimoja alichoshauriwa na atakavyokifanyia kazi.

Waliokuja kwa gari kupitia barabara za kulipia za Illinois bila I-PASS (kifaa cha kulipia barabara hizo kielektroniki) wanazo siku 14 za kulipa mtandaoni kwa namba ya gari. Zikipita, faini huanza.